Maarifa ya Ulimwengu: Bahari Yaweka Hesabu ya Udongo Wetu

Juma hili nataka kuwachukua safari ya mbali, nayo ni safari ya baharini. Najua wapo watakaosema, "Sisi ni watu wa milima. Iveti na Mua, Kangundo na Matungulu, kote huko hakuna bahari. Habari za papa na matumbawe zatuhusu nini?"

Mzee mmoja, mkulima hodari, aliniuliza neno hilo hilo nilipomwambia kwamba naandika makala haya. Nami nikamwuliza: "Mzee, mvua za vuli ziliponyesha, ule udongo mwekundu uliotoka shambani mwako ulikwenda wapi?" Akanyosha mkono kuelekea bondeni, akasema, "Ulikwenda mtoni." Nikamwuliza tena, "Na mto je, ulikwenda nao wapi?" Hapo alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema, "Basi andika, nitasoma."

Leo, basi, nataka kueleza udongo ule ulikwenda wapi, na jinsi wataalamu wa elimu ya bahari walivyoukuta huko, wakaupima, wakatambua hata miaka ulipofika.

MTO WENYE MAJINA MATATU

Mto Athi tunaujua sote. Hukusanya maji ya upande wa Ngong, hupokea mto Nairobi na mito ya Kiambu, hupita Maporomoko Kumi na Manne karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk, kisha huizunguka nchi yetu na kuteremka kando ya uwanda wa Yatta. Vijito vya vilima vyetu, na mto Thwake pia, humwaga maji yao humo. Ufikapo Tsavo hukutana na mto wa jina hilo, na kutoka hapo huitwa Galana. Ukikaribia pwani hubadili jina mara ya tatu, huitwa Sabaki, nao huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi.

Mtu akisimama pwani ya Malindi wakati wa mvua kubwa huona jambo la ajabu. Bahari ambayo jana ilikuwa ya samawati leo imekuwa nyekundu kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Upepo wa kusi uvumapo, matope hayo husukumwa kuelekea kaskazini. Lakini upepo wa kaskazi uvumapo, hurudishwa kusini, yakaja mpaka juu ya miamba ya matumbawe iliyo mbele ya mji. Shika sana neno hili la matumbawe, kwa maana ndiyo shina la habari yetu. Lakini kwanza tutazame jinsi watu walivyojifunza kuichunguza bahari.

KUPIMA KINA

Tangu zamani manahodha wa pwani yetu walijua kupima kina cha maji. Walitupa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba, wakahesabu pima moja moja hata kikagusa chini. Njia hiyo yafaa karibu na nchi kavu, lakini katika bahari kuu kazi huwa ngumu mno.

Mwezi wa Desemba 1872 meli ya Waingereza iitwayo Challenger iling'oa nanga kwenda kuzunguka dunia, si kwa vita wala biashara, bali kwa kuichunguza bahari tu. Ilirudi Mei 1876. Mabaharia wake walitupa kamba mahali mamia kadhaa, na kila mara wakaandika kina, joto la maji, na viumbe waliopatikana. Mwezi wa Machi 1875, katika Bahari ya Pasifiki, kamba ilishuka pima 4,475 kabla ya kugusa chini, yaani zaidi ya mita 8,000. Mlima Kilimanjaro ukitiwa mahali pale ungezama wote, na juu ya kilele chake pangebaki maji yenye kina cha zaidi ya kilomita mbili.

Baadaye kamba iliachwa, sauti ikashika kazi yake. Kama vile mtu apigapo kelele mbele ya mwamba akasikia mwangwi, ndivyo meli itoavyo mlio kuelekea chini na kungoja urudi. Sauti hukimbia ndani ya maji ya bahari kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde moja. Mlio ukirudi baada ya sekunde nne, basi umekwenda na kurudi mita 6,000, na kina ni nusu yake, yaani mita 3,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule aiweza.

Kwa njia hiyo katika miaka ya 1933 na 1934 meli ya Misri iitwayo Mabahiss, yenye wataalamu wa Kiingereza na wa Kimisri, ilipita katika Bahari ya Hindi ya magharibi hata pwani ya Mombasa na Unguja. Toka mwaka 1959 hata 1965 meli za mataifa mengi zilishirikiana kuichunguza bahari hiyo hiyo. Mwaka 1992 meli ya Waholanzi iitwayo Tyro ilifanya kazi mbele ya pwani ya Kenya pamoja na wataalamu wetu. Nasi wenyewe tunayo taasisi ya uchunguzi wa bahari na uvuvi, iliyoanzishwa mwaka 1979, yenye makao yake makuu Mombasa, na meli yake ya uchunguzi huitwa Mtafiti.

CHUMVI NA VITU VINGINE

Kila mtu ajua kwamba maji ya bahari yana chumvi. Wataalamu walitaka kujua ni chumvi gani, na kiasi gani. Katika kilo moja ya maji ya bahari kuu mna kiasi cha gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali. Chupa 77 za maji yaliyochotwa na meli ya Challenger zilipelekwa kwa bingwa mmoja aitwaye William Dittmar, akayapima maji yote kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1884 alitoa habari yake: chumvi kubwa kubwa za bahari zina uwiano ule ule popote duniani. Mahali pamoja maji huwa makali zaidi, pengine hupungua ukali, lakini sehemu ya kila chumvi dhidi ya nyingine haibadiliki.

Lakini viko vitu vingine vichache mno katika maji, ambavyo huzidi na kupungua mahali kwa mahali. Hivyo ndivyo hutoa siri za bahari. Mtaalamu akikuta kimoja kimezidi, huuliza: Kimetoka wapi, na nani amekileta?

Kimoja chake ni madini iitwayo bariamu. Bariamu imo ndani ya udongo wa bara. Mvua ikichukua udongo, bariamu husafiri imeshikamana na chembe za udongo huo hata kwenye mlango wa mto. Hapo hukutana na maji ya chumvi, na chumvi huifanya iachane na chembe za udongo, ikayeyuka katika maji. Kwa hiyo mto ukileta udongo mwingi, bariamu huzidi baharini. Ukileta kidogo, hupungua.

Lakini maji hayakai mahali pamoja. Bariamu ya mwaka jana imekwisha kuchukuliwa na mkondo. Tutajuaje basi ya mwaka 1750, au ya mwaka 1900, na hapakuwa na mtu aliyeipima?

TUMBAWE NI DAFTARI

Mtu wa bara akiona tumbawe kavu hudhani ni jiwe. Kumbe ni nyumba iliyojengwa na viumbe hai, wadogo sana, waishio maelfu kwa maelfu pamoja. Hutoa kalisiamu katika maji ya bahari, wakajijengea kiunzi cha chokaa, na kila mwaka huongeza tabaka jipya juu ya lile la zamani. Iko namna moja ya tumbawe, iitwayo Porites, ambayo hukua ikawa duara kubwa kama jabali. Kwa mwaka huongezeka sentimita moja tu au zaidi kidogo, lakini huweza kuishi mamia ya miaka.

Sasa, bariamu yafanana na kalisiamu kwa tabia. Kiumbe huyu ajengapo nyumba yake, bariamu kidogo huingia mahali pa kalisiamu, kama vile mwashi anayejenga kwa matofali aingizavyo na jiwe moja moja lililomjia mkononi. Bariamu ikizidi katika maji, huzidi na katika tabaka la mwaka huo. Na ikiisha kujengwa ndani haitoki tena. Tumbawe, basi, ni daftari, na kila mwaka lina ukurasa wake.

Kulisoma daftari hilo kwataka kazi ya mikono na ya akili. Wazamiaji hushuka na keekee kubwa, wakatoboa tumbawe toka juu kwenda chini, wakatoa kipande kirefu cha mviringo kama mpini wa jembe. Kipande hupasuliwa ubao ubao, kisha hupigwa picha ya eksirei, kama daktari apigavyo picha ya mfupa uliovunjika. Katika picha hiyo matabaka huonekana, jeusi na jeupe, nao huyahesabu kama mtu ahesabuvyo pete za gogo la mti. Baadaye huupitisha mwali wa leza juu ya ubao, mahali baada ya mahali, na mashine hupima bariamu iliyomo katika kila sehemu.

YALIYOSOMWA MALINDI

Miamba ya matumbawe ya Malindi imehifadhiwa tangu mwaka 1968, ilipofanywa hifadhi ya taifa ya bahari, na humo wataalamu walipata matumbawe ya kale.

Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, akiwamo Mkenya Nyawira Muthiga, walitoa habari ya tumbawe lililotunza miaka 194, toka 1801 hata 1994. Wao hawakutafuta bariamu, bali walipima oksijeni, kwa kuwa iko oksijeni nzito na nyepesi, na uwiano wake katika chokaa hufuata joto la maji. Waliona kwamba bahari ya Malindi imezidi joto katika muda huo, na kwamba hupanda na kushuka kwa kufuata mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki iliyo mbali kabisa. Mkulima asidharau neno hili, kwa sababu mvua zetu za vuli hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi. Katika mwaka 1961, na tena mwaka 1997, bahari ya upande wetu ilipata joto kupita kawaida, na vuli ya miaka hiyo ilikuwa gharika. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa kwa sababu ya joto hilo.

Kisha mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walitoa habari ya bariamu, wakirudi nyuma mpaka karibu mwaka 1700. Nayo ndiyo habari yetu. Toka mwaka 1700 hata 1900, miaka mia mbili kamili, udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu kiasi kile kile. Ilinyesha mvua, ulikuja ukame, watu walilima na kufuga, na hesabu haikubadilika sana. Lakini baada ya mwaka 1900 ilianza kupanda, ikapanda bila kukoma. Ikafika kilele kati ya mwaka 1974 na 1980, ambapo udongo uliokuwa ukifika baharini ulikuwa mara tano hata mara kumi ya kiasi cha asili. Wataalamu walitaja sababu: watu kuongezeka sana, ardhi kutumiwa pasipo utaratibu, misitu kukatwa, na ukame mkali wa miaka ya kwanza ya 1970, ulioiacha ardhi tupu ikingojea mvua iichukue.

LAWAMA NI YA NANI?

Wazee wa Machakos watakumbuka jinsi jambo la mmomonyoko lilivyoleta ugomvi mkubwa katika nchi hii. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliviona vilima vyetu vimekwisha, wakasema kosa ni la Mkamba na ng'ombe wake. Mwaka 1938 walianza kuchukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Ndipo watu wakaondoka kwa maelfu, wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akahamishwa mpaka Lamu, lakini serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe wao.

Sasa tumbawe limeleta ushahidi ambao hapana mtu wa mwaka 1938 aliyekuwa nao. Kama kosa lingekuwa ni desturi za kale za ufugaji na kilimo, matope yangalionekana tangu mwaka 1700, kwa maana ng'ombe walikuwako na majembe yalikuwako. Hayakuonekana. Yalianza kuzidi baada ya mwaka 1900, katika zama zile zile ambazo mashamba ya walowezi yalifunguliwa, mipaka ikawekwa, na watu na mifugo yao wakabanwa mahali padogo, wasiweze kuipumzisha ardhi kama walivyozoea.

Walakini tuseme haki yote, wala tusiikate nusu. Tumbawe laonyesha pia kwamba hesabu ilifika kilele mwaka 1974 na kuendelea, miaka zaidi ya kumi baada ya uhuru, wakati amri ilikuwa mikononi mwetu wenyewe. Na jambo lingine: tumbawe haliwezi kutaja shamba la fulani. Sabaki huleta udongo wa bonde zima, wa Kiambu na Nairobi, wa Machakos na Makueni, na wa nyika ya chini. Kila mmoja ana sehemu yake, na hapana awezaye kusema, "Si wangu."

WALIO CHINI YA MTO

Wenzetu wa pwani hupata nini kwa udongo huo? Tumbawe hutaka mwanga, kwa kuwa ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo sana impayo chakula, na mimea haiwezi kuishi gizani. Matope yakizidi, mwanga huzuiwa. Yakitulia juu ya tumbawe, hulisonga. Nyasi za baharini, ambazo samaki wengi huzalia humo, hupata taabu ile ile. Ni kweli kwamba kamba hupenda maji ya matope, na ghuba ya Ungwana, iliyo kaskazini ya mlango wa Sabaki, ina sifa ya kamba tangu zamani. Lakini mvuvi wa mwambani hafaidiki na udongo wako, nawe uliyempelekea huwezi kumdai aurudishe. Waswahili husema, maji yakimwagika hayazoleki. Udongo nao ukiisha kufika Malindi hauzoleki.

KAZI ILIYO MIKONONI MWETU

Nisingependa kuwaacha wasomaji na huzuni, maana Machakos ina habari nyingine pia, nayo ni ya sifa. Katika wilaya ya zamani ya Machakos, iliyokuwa pamoja na Makueni, katika miaka ya kwanza ya 1930 palikuwa na watu karibu robo milioni. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni moja na laki nne. Wengi walitazamia kwamba ardhi ingekwisha kabisa. Lakini wachunguzi watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu mwaka 1994 wakionyesha kwamba sehemu nyingi za vilima vyetu zilikuwa na hali bora kuliko miaka ya 1930: matuta yamejengwa, miti imepandwa, na mavuno yameongezeka.

Kazi hiyo ilifanywa na nani? Ilifanywa na wakulima wenyewe, na hasa akina mama, katika vikundi vya mwethya, shamba hili leo na shamba lile kesho. Walichimba mfereji kukata mteremko, wakatupa udongo upande wa juu, na ndiyo maana tuta hilo likaitwa "fanya juu". Juu ya ukingo walipanda nyasi. Mvua ikaja ikasimama hapo, udongo ukatulia, na mwaka kwa mwaka mteremko ukawa ngazi. Kila tuta lililo zima ni udongo ambao haukuandikwa katika daftari la Malindi. Na kila tuta lililobomoka bila kutengenezwa ni hesabu mpya.

Mwisho nawapa jaribio dogo, nanyi mtakuwa wachunguzi wa bahari bila kutoka Machakos. Mvua kubwa ya kwanza inyeshapo, chukua chupa safi ya kioo, ichovye katika maji yanayotoka chini ya shamba lako, kisha uiweke juu ya meza usiku kucha pasipo kuitikisa. Asubuhi tazama mashapo yaliyotulia chini, uyapime kwa rula. Andika kipimo na tarehe katika daftari. Fanya hivyo kila mwaka. Wataalamu walioko Sabaki hufanya kazi iyo hiyo, ila wao huyachuja maji, huyakausha mashapo na kuyapima kwa mizani.

Mzee yule niliyemtaja nilimwonyesha chupa yangu. Aliiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe hiki ndicho chakula cha watoto wangu." Kesho yake alikuwa na jembe begani, akielekea kwenye tuta lake la chini, lililobomoka tangu mwaka juzi.